Mpeni Aliyenifikisha

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Hadithi hii mwanzo ninao, katikati ninayo, ila mwisho sina. Mwisho nitawaomba ninyi.

Mimi ni muuguzi. Watu huniita Sista Modesta. Kwa miaka mingi nilifanya kazi katika wodi ya hospitali moja chini ya milima ya Upare. Mengine ya hadithi hii niliyaona kwa macho yangu, mengine nilisimuliwa na wenyewe walioyatenda.

Walikuwapo watu watatu, na kila mmoja alijaliwa kipaji chake.

Namsifu alijaliwa masikio. Alikuwa mwalimu wa kwaya kanisani kwao, huko juu milimani wanakolima tangawizi. Waimbaji arobaini wakiimba pamoja, yeye aliweza kumwambia mmoja wao, "Wewe wa mstari wa nyuma, jana hukulala." Na kweli mtu huyo alikuwa hakulala.

Kiangi alijaliwa mgongo na miguu. Alikuwa mpasuaji mbao. Ubao ambao wenzake waliubeba wawili, yeye aliubeba peke yake, tena kwenye njia ambayo mbuzi huifikiria kabla ya kupita. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache hayakuwa matamu.

Eliwaza alijaliwa mikono. Alikuwa fundi cherehani mjini, kibanda chake kiko karibu na stendi. Mlete mtu mwenye bega moja juu na jingine chini, Eliwaza atamshonea koti, na akilivaa mabega yote mawili yatakuwa sawa.

Na wote watatu walikutana kwa mtu mmoja, mwalimu Nakiete.

Nakiete alifundisha darasa la tatu katika shule ya kijiji. Kwa Namsifu alikuwa wifi, maana aliolewa na kaka yake, Yonaza. Kwa Kiangi alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Kwa Eliwaza hakuwa ndugu wa damu. Walikalia dawati moja toka darasa la kwanza hadi la saba, Nakiete akafaulu kuendelea, Eliwaza hakufaulu, na urafiki ukabaki palepale.

Yonaza alifariki kwa kuangukiwa na gogo msituni, mimba ya mkewe ikiwa na miezi miwili. Ilikuwa mimba ya kwanza, baada ya miaka tisa ya kungoja. Baada ya matanga Kiangi alimwambia dada yake arudi nyumbani kwao. Nakiete akakataa. Alisema mtoto atazaliwa katika nyumba aliyoijenga baba yake. Walirushiana maneno, na kwa miezi mitano ndugu hao wawili hawakusalimiana.

Mimba ilipofika wiki ya thelathini, mafua makali yakaingia milimani. Wengi waliyapata, wakalala siku tatu nne, wakainuka. Nakiete naye akayapata. Siku ya saba akasema amepona, akaenda kwenye mazoezi ya kwaya.

Hapo ndipo masikio ya Namsifu yalipofanya kazi yake.

Walikuwa wanaimba wimbo walioimba kwa miaka sita. Katika ubeti wa pili kuna mstari mrefu ambao Nakiete aliuimba kwa pumzi moja, hata mwezi uliopita na tumbo lake. Siku ile aliuimba kwa pumzi tatu. Waimbaji wengine hawakusikia kitu. Namsifu alishusha mkono, kwaya ikanyamaza.

"Wifi, njoo hapa."

"Nimechoka tu, wifi. Mtoto amenibana."

"Mtoto hakubanii hapo juu. Keti."

Akamketisha kwenye benchi, akatazama saa ya ukutani, akahesabu kifua kinavyopanda na kushuka. Katika dakika moja kilipanda mara thelathini na nane. Akamshika mkono, wakaenda zahanati. Tabibu alikuwa na foleni ya watu wanaokohoa; alimtazama Nakiete akasema ni mafua na mimba, aende akapumzike. Namsifu akasimama mlangoni akakataa kutoka.

"Mimi si mtu wa dawa," alisema, "lakini pumzi ndiyo kazi yangu. Huyu hapumui. Mpime."

Tabibu, ili apate kuendelea na foleni yake, akamvalisha Nakiete kidoleni kile kibanio cha kupimia oksijeni. Namba ilipotokea, akakitoa, akakifuta, akamvalisha tena kidole kingine. Themanini na nne. Mtu mzima anatakiwa avuke tisini na tano.

"Mpelekeni hospitali leo," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mngesubiri hadi kesho, mngekuja kuniomba cheti cha kifo."

Lakini barabara ya kwenda chini haikuwapo. Mvua ya wiki ile ilikuwa imeporomosha gema, na magari yote yalikuwa upande wa pili. Machela ilikuwapo, ila machela inataka watu wanne, na wanaume waliokuwa pale waliposikia ugonjwa wenyewe ni wa kuambukiza, kila mmoja alikumbuka shughuli nyumbani kwake. Sitawalaumu. Walikuwa na watoto.

Namsifu akampigia simu mtu ambaye Nakiete asingempigia.

Kiangi alifika akiwa na vumbi la mbao kichwani. Hakusalimia. Alimtazama dada yake, akaona midomo imekuwa ya kijivu. Akaingia kwenye nyumba ya jirani, akatoka na kiti cha mbao chenye egemeo, akakikata miguu kwa msumeno. Akafunga kamba za kubebea magogo, akamketisha Nakiete juu ya kile kiti, akamfunga kwa kanga kifuani na kiunoni, kisha akachuchumaa na kukiinua kiti mgongoni kwake. Walikuwa wamepeana migongo, yeye anatazama mbele, dada yake anatazama walikotoka. Alijua kwamba akimlaza hatapumua.

Aliteremka kwa saa tano. Tope lilifika magotini. Pale barabara ilipokatika alipita kwenye ukingo wa shamba la migomba, ameshika migomba kwa mkono mmoja. Hakumtua hata mara moja, maana kumtua kungemaanisha kumwinua tena, na hakuwa na hakika kama angeweza.

Njiani Nakiete alizungumza. "Kaka, bado umenikasirikia?"

"Nyamaza. Tunza pumzi."

Hayo tu ndiyo waliyoambiana baada ya miezi mitano. Kiangi aliniambia baadaye kwamba alikuwa na maneno mengine, ila alikuwa anayaweka watakapofika.

Walipofika kwenye lami walikuta gari la mchanga, na gari lile likawaleta kwetu. Nilimpokea mimi. Kiangi hakuweza kunyoosha mgongo. Alibaki ameinama kama mtu anayetafuta kitu sakafuni. Daktari wetu, Daktari Semvua, alimwekea Nakiete oksijeni, akamgeukia Kiangi akasema, "Saa moja zaidi huko njiani, nisingekuwa na mgonjwa."

Picha ya kifua ilionyesha mapafu yamekuwa meupe pande zote mbili. Virusi vilikuwa vimeshuka hadi chini kabisa. Tulimpa oksijeni yote tuliyoweza kumpa, na bado haikutosha. Mashine ya kumpumulia hatukuwa nayo, na daktari alisema hata tungekuwa nayo angeihofia.

"Angelala kifudifudi," alisema, "mapafu ya nyuma yangefunguka. Lakini nitamlazaje kifudifudi na tumbo hili?"

Tulijaribu mito ya wodi. Iliteleza. Tulikunja mablanketi. Nakiete alilia kwamba mtoto anabanwa. Tukaacha.

Kesho yake mchana akaja Eliwaza, amebeba chupa ya uji, amevaa barakoa aliyoishona mwenyewe. Alisimama mlangoni akatuangalia tunavyohangaika na yale mablanketi.

"Shida ni tumbo?" aliuliza.

"Shida ni tumbo," nikamjibu.

Aliweka uji chini, akatoa tepu ya kupimia shingoni mwake. Akampima Nakiete akiwa ameketi, tumbo, kifua, nyonga, paji la uso. "Naki, usicheke," alimwambia, "maana ukicheka vipimo vinakosewa." Nakiete hakuwa na pumzi ya kucheka, lakini macho yake yalicheka, niliyaona.

Eliwaza akarudi kibandani. Alichukua godoro lake la sponji, lile alilolalia yeye mwenyewe, akalikata. Mto wa kwanza ulikuwa na tundu dogo. Wa pili ulizama katikati. Wa tatu aliushona tabaka tatu, laini juu, ngumu chini, na tundu la duara la kupokea tumbo, na nafasi pembeni ya kuwekea mpira wa oksijeni. Jua lilikuwa halijazama alipouleta.

Tulimgeuza Nakiete taratibu, watu wanne. Tumbo likaingia kwenye tundu lake kama yai kwenye kiota. Baada ya nusu saa oksijeni ya damu ilikuwa imepanda kutoka themanini na sita hadi tisini na tatu. Daktari Semvua aliushika ule mto, akaubonyeza. "Dada," alimwambia Eliwaza, "leo nilikuwa nampoteza. Umenipa siku ambazo sikuwa nazo."

Zilikuwa siku nne. Na siku nne zile tulizihitaji kweli, kwa sababu mtoto alikuwa bado mchanga tumboni, na sindano za kukomaza mapafu yake zinahitaji siku mbili kufanya kazi.

Siku zile nilimfahamu Nakiete. Hata hapo alikuwa mwalimu. Asubuhi moja nilikuwa naandika kwenye ubao wa kitanda chake, akanyoosha kidole. "Sista," akavuta pumzi, "haja ndogo," akavuta tena, "ni maneno mawili." Nikafuta, nikaandika upya. Akafumba macho ameridhika.

Lakini vipimo vya damu havikutufurahisha. Siku ya kumi na moja ya ugonjwa, Daktari Semvua aliwaita wale watatu koridoni; Namsifu naye alikuwa ameteremka kwa miguu. Nilikuwapo.

"Nataka mnielewe," alisema. "Katika damu kuna chembe nyeupe ambazo kazi yake ni kupigana na virusi. Virusi vikiingia, zinaongezeka upesi, zinavitafuta vilipojificha, zinaviua. Kwa watu wengi kazi inaisha ndani ya wiki. Kwa Nakiete haikuisha. Zimepigana siku kumi na moja mfululizo na adui hapungui. Zikifikishwa hapo, huchoka. Nyingi zimekwisha. Zilizobaki zipo, zinazunguka, lakini hazina nguvu ya kuua. Hapa hatuna mashine ya kuzitazama moja moja, ila nimewaona wagonjwa wa namna hii, na hesabu ya damu yake inaniambia ndiko tuliko."

"Zinamwona adui na hazifanyi kitu?" Namsifu aliuliza.

"Zinamwona."

"Basi ziamsheni!"

"Mwili wenyewe ndio unaozifunga breki, mama, ili zisiunguze kila kitu. Zipo dawa za kulegeza breki hizo, kwa magonjwa mengine, kwenye hospitali kubwa. Kwa ugonjwa huu hakuna aliyenithibitishia kwamba zinasaidia. Mapafu yake tayari yamevimba. Nikizilegeza zikaamkia vibaya, nitamuua kwa mkono wangu."

Kiangi alikuwa ameegemea ukuta. "Mimi nikichoka nalala," alisema. "Asubuhi naamka nabeba tena. Ziacheni hizo chembe zilale."

"Kaka yangu," daktari alimjibu kwa upole, "zitalalaje na adui yumo ndani? Na hata adui akitoka, haziamki siku hiyohiyo. Wakati huo mlango uko wazi kwa wadudu wengine."

Eliwaza hakuuliza juu ya chembe. Aliuliza, "Na mtoto?"

"Mtoto tumtoe kesho."

Nakiete mwenyewe alikubali kwa kutikisa kichwa, na akaweka sahihi kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Alichomwa sindano ya ganzi mgongoni, akapasuliwa akiwa macho, ameinuliwa kifua. Mtoto akatoka, wa kike, kilo moja na gramu mia nne. Alilia. Kilikuwa kilio chembamba, kama bawaba inayohitaji mafuta, lakini Nakiete alikisikia. Nilikuwa nimemshika mkono, na aliubana wangu.

Siku mbili zilizofuata tulianza kutumaini. Oksijeni ilipanda kidogo. Namsifu alimwimbia kwa sauti ya chini kupitia dirishani. Tulimpiga mtoto picha, tukamwonyesha mama yake kwenye simu, naye aliitazama picha ile hadi kioo cha simu kikazimika, nikakiwasha, kikazimika, nikakiwasha.

Siku ya pili mchana aliniashiria kwa vidole kwamba anataka karatasi. Kalamu ilimponyoka, kwa hiyo akaniambia niandike. Niligeuza karatasi ya vipimo, nikaandika nyuma yake. Aliyasema kwa vipande, chini ya barakoa ya oksijeni.

"Mtoto… kama sitatoka… mpeni… aliyenifikisha."

"Nani huyo, mwalimu?" nilimuuliza.

Kwenye kioo cha mlango walikuwa wamesimama wote watatu, bega kwa bega. Nakiete alitazama upande ule. Akainua kidole. Kabla hakijamlenga yeyote, kikashuka juu ya shuka, na akalala usingizi.

Nilisema moyoni, nitamuuliza kesho.

Kesho yake homa ilipanda. Mdudu mwingine, wa bakteria, ambaye kwa mtu mwenye kinga angefukuzwa mlangoni, alikuwa ameingia kwenye damu. Tulimpa dawa kali tulizokuwa nazo. Dawa peke yake haishindi. Inataka msaidizi ndani ya mwili, na ndani ya mwili wa Nakiete wasaidizi walikuwa wamechoka. Hakuamka akili ikiwa wazi tena. Siku ya nne toka ajifungue, saa nne asubuhi, alifariki. Kiangi alikuwa koridoni. Nilipotoka nikamwambia, aliniuliza, "Alisema lolote juu yangu?" Maneno yake aliyokuwa akiyaweka hayakupata wa kuambiwa.

Barabara ilifunguliwa siku ya mazishi. Gari lilimpandisha hadi nyumbani kwa muda wa saa moja na robo.

Mtoto alibaki wodini siku thelathini na mbili. Watoto njiti tunawatunza kwa kuwafunga kifuani kwa mtu, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana, ili wapate joto. Wale watatu waligawana zamu sawasawa. Namsifu alimfunga akihesabu pumzi zake. Eliwaza alimshonea kofia saizi ya chungwa. Na Kiangi, yule mtu wa maneno machache, alikaa kwenye kiti cha wodi ya akina mama kifua wazi, mtoto amelala juu ya mbavu zake, na wazazi wengine walipomtazama, hakuona haya. Mtoto aliongezeka uzito kwa wote watatu. Nilipima mwenyewe. Sikuona tofauti.

Kisha ukafika wakati wa kumtoa.

Kikao kilifanyika katika ofisi ya ustawi wa jamii, asubuhi. Afisa alikuwa mwanamke mmoja mpole mwenye faili mezani. Walikuwapo wale watatu. Alikuwapo Bibi Nanzia, mama mzazi wa Nakiete na Kiangi. Wazazi wa Yonaza walikuwa wamekwisha kufa zamani. Nami niliitwa kwa sababu karatasi ilikuwa na mwandiko wangu.

Niliisoma.

Mnaweza kudhani kila mtu aliruka kujitaja. Haikuwa hivyo.

Namsifu alianza, akasema, "Aliyemfikisha ni Kiangi. Mimi nilisikia tu. Tena nitasema ambalo wengine wanalinong'ona: kwaya ya wageni iliyotuletea mafua yale, mimi ndiye niliyeialika."

Kiangi akasema, "Mimi nilibeba mtu ambaye wengine walishaamua aokolewe. Bila Namsifu ningembeba akiwa maiti. Na miezi mitano sikumjulia hali mdogo wangu. Mpeni Eliwaza."

Eliwaza alikuwa anakunjakunja tepu yake mikononi. "Mto wangu ndio uliowafanya wangoje siku nne," alisema. "Kama usingefaa, wangempasua mapema. Labda zile chembe zingekuwa bado na nguvu. Labda angekuwa hapa." Alinigeukia. "Sista, ni kweli?"

Nilimwambia nilivyomsikia daktari akisema, kwamba hakuna ajuaye. Kwamba wangempasua mapema huenda wangekufa wote wawili. Alitikisa kichwa, lakini sikuona kama ameamini.

Afisa akasema, "Basi kama kila mmoja anamtaja mwenzake, nani kati yenu yuko tayari kutoka kwenye ofisi hii bila mtoto?"

Kisha akaanza kuwauliza mmoja mmoja.

"Mama Namsifu?"

"Nimeishi na mume wangu miaka kumi na minne," Namsifu alisema taratibu, "na nyumba yetu haijasikia kilio cha mtoto. Huyu ni damu ya kaka yangu. Ndiye pekee aliyebaki wa ukoo wetu. Akiwa kwangu atakua palepale mlimani, mlango wa pili na nyumba aliyoijenga baba yake. Mama yake alitaka hivyo. Siwezi."

"Kaka Kiangi?"

"Ni damu ya dada yangu. Mke wangu ananyonyesha, ndiye aliyekuwa akikamua maziwa yanaletwa hapa kila siku. Mtoto huyu anaishi kwa maziwa ya nyumba yangu. Atakuwa na ndugu watatu wa kucheza nao." Akamtazama mtoto, akasema, "Sikumwambia mama yake neno jema. Nataka nimwambie yeye. Siwezi."

"Dada Eliwaza?"

"Mimi sina damu," Eliwaza alisema. "Ninajua. Lakini ninyi mlimhangaikia Nakiete kwa sababu ni wenu. Mimi hakuna aliyeniambia nije. Mara ya kwanza alipojua ana mimba, kabla ya mumewe, alinijulisha mimi; alikuja kibandani akaniambia, 'Eli, anza kushona.' Siwezi."

Kumgawana kwa zamu kama wodini hakukuwezekana. Namsifu yuko mlimani, Eliwaza yuko mjini, na Kiangi alikuwa amepata kazi kiwanda cha mbao mkoa mwingine, safari ya siku nzima. Na mtoto anahitaji kujua anaamkia wapi.

Afisa akamgeukia Bibi Nanzia. "Bibi, wewe ni mkubwa hapa."

Bibi Nanzia alikuwa amempakata mtoto. Hakuinua macho. "Mimi nimezaa wawili," alisema. "Mmoja nimemzika, mmoja amesimama hapo analia. Nikimtaja, mtasema ni kwa sababu ni mwanangu. Nisipomtaja, nitakuwa nimewapoteza wote wawili. Msiniulize."

Ndipo afisa akafungua kalamu, akaivuta ile karatasi, akaisoma tena, neno kwa neno. Kisha akaniangalia.

"Sista Modesta, hapa pameandikwa 'aliyenifikisha'. Mmoja. Hakusema 'walionifikisha'. Wewe ulikuwa kando ya kitanda, ulisikia sauti, uliona macho yake na kidole chake. Alikuwa anamaanisha nani?"

Wote wakanigeukia. Namsifu, ambaye masikio yake yalimtoa Nakiete kwenye foleni ya kifo. Kiangi, ambaye mgongo wake haujanyooka sawasawa mpaka leo. Eliwaza, ambaye alilala sakafuni mwezi mzima kwa kuwa godoro lake alilikata. Ukimwondoa mmoja kati yao, yeyote, mtoto yule hayupo. Na mimi niliyekuwa na jioni nzima ya kumuuliza mama yake swali moja, nikasema nitamuuliza kesho.

Mtoto alipiga chafya. Bibi Nanzia akamfunika.

Kiti nilichokalia mimi sasa kalieni ninyi. Karatasi ndiyo hiyo, kalamu ya afisa iko wazi, watu watatu wanawatazama midomo. Je, mngemtaja nani?